Kabla ya Kufungua Giaboksi

Katika mafunzo ya ualimu tunatumia saa nyingi kujifunza namna ya kumweleza mtoto kitu kilivyo, na saa chache mno kujifunza namna ya kumwongoza atafute kwa nini kitu hicho kimeharibika. Mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha huweza kuchora ubaoni pampu ya maji, akaandika majina ya sehemu zake zote kwa chaki za rangi, na somo likapata alama nzuri. Lakini mtoto mmoja akinyosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, mbona pampu ya kijijini kwetu inalia lakini haitoi maji?" somo huishia hapo. Mimi naona kwamba utafutaji wa chanzo wastahili kuwa somo kamili katika shule ya msingi, na kwamba mwalimu hawezi kulifundisha kama yeye mwenyewe hajawahi kulifanya. Nitalieleza jambo hili kwa mfano wa gari, kwa kuwa gari ndilo lililonifunza, tena kwa aibu.

Chuo chetu kina pikapu moja ya gia za mkono. Wakati fulani pikapu hiyo ilianza kukataa gia. Dereva alipowasha injini na kutia gia ya kwanza, ilikwaruza. Alipotia gia ya kurudi nyuma, ililia hata watu waliokuwa bwaloni wakageuka. Kamati ya usafiri, ambayo mimi ni mjumbe wake, ilikutana. Mjumbe mmoja akasema giaboksi imekufa. Hakuna aliyemwuliza amejuaje. Neno lilitamkwa kwa uhakika, nasi tukalipitisha, mimi nikiwamo. Giaboksi ikashushwa, ikafunguliwa, ikabadilishwa beringi na ringi zake, ikarudishwa mahali pake. Gari likaja likikwaruza vilevile.

Siku chache baadaye fundi mwingine alilala chini ya gari kwa dakika chache, akatoka na kidole kilicholowa mafuta ya breki. Ile silinda ndogo ya klachi, iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi, ilikuwa ikivuja kwa sababu raba yake ya ndani ilikuwa imekwisha. Bei ya raba hiyo haikufikia nauli ya mtu mmoja kwenda mjini na kurudi.

Fedha iliyolipiwa kazi ile ya kwanza ilikuwa imetengwa kwa safari za wakufunzi kuwatembelea wanachuo mashuleni. Wale waliopangiwa shule za mbali walitembelewa mara moja tu, na alama zao zikatolewa kwa somo moja. Baadhi yenu mnaosoma ukurasa huu mlikuwa miongoni mwao. Mlilalamika, na malalamiko yenu yalikuwa ya haki.

Lililoniumiza zaidi nililisikia baadaye. Nilikuwa nimekaa na dereva wetu, mtu mzima aliyeendesha magari tangu mimi sijaanza shule, akaniambia, "Mwalimu, mimi asubuhi nilikuwa naikanyaga ile pedali mara tatu nne upesiupesi, na gia zinaingia bila tabu." Nikamwuliza, "Sasa mzee, mbona hukutuambia?" Akajibu, "Sikuulizwa. Kamati ni ya walimu."

Katika sentensi yake ile ya kwanza mlikuwa na jibu zima. Pedali ya klachi katika gari la namna hii husukuma mafuta kutoka silinda ya juu hadi silinda ya chini, na silinda ya chini ndiyo isukumayo mkono unaoiachanisha klachi na injini. Mafuta yakivuja au hewa ikiingia, pedali hushuka hadi chini lakini klachi haiachani vizuri. Ukiikanyaga mara kadhaa kwa haraka, mafuta machache yaliyobaki hupata msukumo, klachi ikaachana, na gia zikakubali. Giaboksi haina hatia yo yote. Tulimfunga asiyehusika, na shahidi alikuwa nje ya mlango.

Baada ya hapo niliwachukua wanachuo wa darasa langu la sayansi hadi lilipo gari. Sikuwachorea giaboksi. Nilimwomba dereva alisimamishe mahali tambarare, avute breki ya mkono, tuweke mawe kwenye magurudumu, naye akae kwenye usukani muda wote. Kisha nikawaambia wanachuo kwamba hakuna atakayetaja jina la sehemu yo yote iliyoharibika kabla hatujajua gari linafanya nini na lini halifanyi.

Jaribio la kwanza halihitaji hata spana. Injini ikiwa imezimwa, dereva apitishe gia zote moja moja. Kisha awashe injini, akanyage klachi, na azipitishe tena. Zikiingia kwa ulaini injini ikiwa imezimwa, na kukataa zote injini inapowaka, mshukiwa wa kwanza ni klachi isiyoachana: kebo iliyolegea, mafuta yaliyopungua, silinda inayovuja, au sahani ya klachi iliyopinda. Zikiwa ngumu hata injini ikiwa imezimwa, tazama mkono wa gia na vyuma au kebo zinazouunganisha na giaboksi. Kamati yetu ingaliweza kufanya jaribio hilo kwa dakika mbili, na wajumbe wakarudi kunywa chai.

Ikiwa ni gia moja tu inayokwaruza, tuseme ya pili, na nyingine zote ni laini, klachi haiwezi kulaumiwa upesi, kwa maana klachi ni moja kwa gia zote. Hapo ndipo tunapoifikiria ile ringi ya shaba ya gia hiyo. Kazi yake yaeleweka kwa kumtazama utingo wa basi. Utingo hadandii basi linalokwenda akiwa amesimama wima. Hukimbia kwanza sambamba nalo hadi mwendo wake ulingane na wa basi, ndipo arukie mlangoni. Ringi husugua uso wa gia mpaka miendo miwili ilingane, ndipo meno yakutane. Ringi ikilika, meno hukutana yakiwa na miendo tofauti, na mkwaruzo ndiyo sauti ya kukutana kwake. Kampuni ya Cadillac ya Marekani ndiyo iliyoanza kuuza magari yenye mpango huu, katika magari yake ya mwaka 1929. Kabla ya hapo dereva alilinganisha miendo kwa mguu na sikio lake, akikanyaga klachi mara mbili katika kila badiliko la gia. Ukiona kwamba gia ya pili yaingia kwa amani unapotumia mbinu hiyo ya kale, umepata ushahidi mwingine dhidi ya ringi.

Katika magari mengi gia ya kurudi nyuma haina ringi hiyo, na kwa hiyo mkwaruzo wake peke yake si ushahidi wa ubovu. Kanyaga klachi, subiri sekunde chache vilivyomo ndani visimame, kisha utie. Ikikwaruza hata baada ya kusubiri, rudi kwenye klachi.

Milio nayo ina mashauri yake. Gari likiwa limesimama, gia ikiwa huru na injini inawaka, sikiliza mguu ukiwa nje ya pedali. Kukiwa na mvumo unaonyamaza mara pedali inapokanyagwa, chanzo ni kitu kilichokuwa kikizunguka na sasa kimesimama. Mara nyingi ni beringi ya shafti inayopokea nguvu kutoka kwenye injini. Kukiwa kimya, na mlio ukaanza pale pedali inapokanyagwa, beringi ya klachi yenyewe ndiyo inayolia. Barabarani, katika pikapu nyingi zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma, gia ya nne hupitisha nguvu moja kwa moja bila kuitwisha shafti ya chini. Mvumo uliopo katika gia nyingine na kupungua sana katika ya nne waelekeza huko chini. Na mlio usiojali uko gia gani, unaofuata mwendo wa magurudumu tu, huenda haumo kabisa katika giaboksi: tafuta kwenye beringi za magurudumu, matairi au difu.

Gia inayochomoka yenyewe ina sababu zake, aghalabu springi au uma wa kusogeza gia uliolika, ama injini iliyolegea kwenye vishikio vyake. Sitakaa hapo. Lakini mafuta ya gia yapimwe kabla ya yote haya. Gari ambalo gia zake ni nzito asubuhi ya baridi na laini baada ya mwendo kidogo, laelekea kusema habari ya mafuta: pengine ni mazito mno, au si ya aina iliyoagizwa na mtengenezaji wa gari. Kuna mafuta yanayofaa sana kwa difu na yasiyofaa kwa ringi za shaba, na wauzaji wengi huyaita yote "oili ya gia".

Yalinipata mawili nisiyoyatazamia siku ile. La kwanza lilikuwa la lugha. Niliwataka wanachuo waandike walichosikia, na karibu wote waliandika "kelele". Nikawarudishia karatasi. Sauti ya kukwaruza si sawa na ya kuvuma. Kuvuma si kugonga. Kugonga si kulia kwa sauti nyembamba. Wala kunguruma si kutetema. Kiswahili kina vitenzi hivi vyote, na mtoto wa kijijini anavyo tayari kinywani mwake kabla hajaja shule, ila sisi humfundisha kuviweka pembeni na kuandika "kelele". Anayekosa neno la kutofautisha sauti mbili hatazitofautisha kwa muda mrefu. Ndiyo maana naamini somo hili ni la Kiswahili sawasawa na lilivyo la sayansi.

La pili lilitokea wiki hiyohiyo, nilipokuwa nikikagua madaftari ya hesabu ya Darasa la Tatu katika shule yetu ya mazoezi. Mwanachuo mmoja, mwenye bidii sana, alikuwa amemsahihishia mtoto majibu haya: 52 − 27 = 35; 81 − 46 = 45; 63 − 38 = 35. Yote yalipigwa mkasi mwekundu, na chini yake imeandikwa, "Huna makini. Ongeza bidii." Juu kidogo ya ukurasa huohuo mtoto alikuwa ameandika 78 − 25 = 53, akapata. Tazameni tena. Mtoto huyu alikuwa na makini kuliko msahihishaji wake. Katika kila safu alitoa tarakimu ndogo katika kubwa, bila kujali ipi iko juu, na alifanya hivyo kila mara bila kukosea. Gia moja tu ndiyo iliyokuwa ikikwaruza, yaani pale tarakimu ya juu ya mamoja ilipokuwa ndogo. Tulikuwa tunataka kumfungua giaboksi nzima kwa kumwambia aongeze bidii katika njia ileile mbovu. Wataalamu wawili wa Marekani, John Seely Brown na Richard Burton, walikwisha kuonyesha katika mwaka 1978 kwamba makosa mengi ya watoto katika kutoa yana kanuni zake. Lakini mwanachuo wangu hakuhitaji kusoma habari zao. Alihitaji kumwuliza mtoto, "Ulifanyaje hapa?" Dereva wetu naye alihitaji kuulizwa hivyohivyo.

Nimekwisha kusikia pingamizi. Shule za msingi hazina magari, na hata zingekuwa nayo, hatungependa watoto wazunguke injini inayowaka. Ni kweli, gari liwe la wanachuo, chini ya uangalizi. Kwa watoto ipo baiskeli. Igeuzeni juu chini, zungusheni pedali taratibu, mwulize darasa kama mlio huja mara moja kwa kila mzunguko wa pedali au mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu. Watoto watahesabu, watabishana, na watagundua kama ni pedali au ni gurudumu bila kufunguliwa nati hata moja. Pingamizi la pili ni mtihani: utafutaji wa namna hii huchukua kipindi kizima kwa kosa moja, na muhtasari ni mrefu. Hili lina uzito, nami sina jibu la kuliondoa. Naweza kusema tu kwamba kipindi kimoja kwa wiki chaweza kupatikana, na kwamba mtoto aliyerudiwa kutoa kwa kuchukua kwa miaka mitatu mfululizo amekwisha kutumia vipindi vingi kuliko hivyo.

Wako pia watakaosema mwalimu hakuajiriwa awe makanika. Sipendekezi ashike spana. Fundi wa kweli atabaki fundi, na heshima yake ni yake. Napendekeza mwalimu awe mteja asiyeweza kuambiwa "giaboksi imekufa" akanyamaza kama tulivyonyamaza sisi.

Dereva wetu sasa huitwa kila kamati inapozungumza habari za gari. Pikapu yenyewe inakwenda vizuri, ila tangu juzi ina mvumo mdogo katika gia ya tatu, unaosikika pale tu dereva anapoinua mguu kwenye mafuta. Wanachuo wa mwaka wa pili wamekwisha kuandika dhana tatu na jaribio moja kwa kila dhana. Dereva ana dhana yake ya nne. Mimi sijui ni ipi iliyo sahihi, na nimewaambia hivyo. Jumamosi asubuhi tutatoka nalo.