Mwani wa Mtwara, sushi na soya
Akina mama wa pwani ya Mtwara, hadi Ghuba ya Mnazi jirani na mlango wa Ruvuma, hulima mwani. Huo hukaushwa na kuuzwa kwa ajili ya ute wa kugandishia vyakula; si ule wa kufungia sushi. Wajapani hufungia nori, mwani uliotandazwa mwembamba kama karatasi. Asiyependa harufu yake ya bahari hufungiwa kwa karatasi ya soya, laini na yenye rangi za kuvutia watoto. Hapo mzazi awe macho: mtoto mwenye mzio wa soya anaweza kuvimba midomo, kutapika au kubanwa pumzi. Aulize kwanza sushi imefungwa kwa kitu gani, wala asisahau mchuzi wa kuchovyea, nao ni soya.