Fundi Hakukosea Peke Yake

Nimechoka kuwasikia wasomi wenzangu wakiwacheka mafundi wa chini ya mti. Nimechoka zaidi kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa wachekaji, na kicheko changu kilimwondolea kijana wa watu riziki yake.

Ninalo gari la Land Rover, Series III, lile refu la inchi 109. Injini yake ya petroli, ya sentimita za ujazo 2,286, ilikuwa imechakaa, nayo ilikunywa mafuta kuliko pensheni yangu ilivyoweza kustahimili. Nikaamua kuitoa na kuweka injini ya dizeli ya Toyota, aina ya 2L, ya sentimita za ujazo 2,446. Kazi ilifanyika nyumbani kwangu hapa Njombe, chini ya mparachichi, kwa mikono ya fundi kijana na msaidizi wake, mvulana aliyeishia darasa la saba. Walichonga sahani ya chuma ya kuunganishia injini mpya na giaboksi ya zamani, wakaikalisha injini juu ya mipira mipya, wakafunga pampu na mabomba. Kwa macho ilikuwa kazi safi.

Lakini gari halikuwaka. Ukiwasha, stata inazunguka kwa kujikokota kama mzee apandaye mlima, kisha kimya. Ilikuwa mwezi wa Julai, na asubuhi za Njombe mwezi huo zina baridi kali. Kila mmoja akasema ni baridi. Tukabadilisha plagi za kupashia joto. Halikuwaka. Nikanunua betri mpya. Halikuwaka. Nikanunua stata nyingine. Halikuwaka. Mwisho niliuza mtamba wangu mmoja ili pampu na nozeli zipelekwe mjini kupimwa na kutengenezwa. Vilirudi, na gari halikuwaka.

Sasa sikiliza, msomaji, maana hapa ndipo aibu yangu ilipo. Siku zote hizo, tulipolisukuma gari lile kwenye mteremko liliwaka mara moja na kunguruma vizuri. Kama pampu ilikuwa mbovu, lingewakaje? Jibu lilikuwa mbele ya macho yetu: injini ni nzima, mafuta yanafika, tatizo liko katika kuizungusha. Injini ya dizeli haina cheche. Huwasha mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa zaidi ya mara 20. Isipozungushwa kwa kasi, joto hilo halipatikani. Betri mpya haikuleta tofauti, stata nyingine haikuleta tofauti. Kilichosalia kuchunguzwa kilikuwa njia ya umeme tu. Wala hatukuichunguza.

Tena dalili ya pili ilitamkwa nikaizima. Siku moja, baada ya kuwasha mara nyingi, yule mvulana alishika waya wa eksileta akaruka. Akasema, “Mwalimu, huu waya mbona unaunguza?” Nikamjibu, “Wewe leta spana, mambo mengine tuachie sisi.” Hayo yalikuwa maneno ya mtu aliyefundisha fizikia zaidi ya miaka 30 na kuongoza chuo cha ualimu.

Baada ya hapo nilimfukuza fundi. Sikuishia hapo. Kanisani, dukani, na hata msibani nilisema kwamba yule si fundi, ni mwizi wa vipuri. Neno la Mwalimu Mkuu mstaafu ni zito katika mji mdogo. Watu wawili waliokuwa wameahidi kumpa kazi waliondoa magari yao.

Majuma matatu baadaye yule mvulana alibisha hodi. “Shikamoo Mwalimu. Naomba nijaribu kitu kimoja, sitaki hela.” Alikuwa na waya mnene wa kuazimia chaji. Akabana ncha moja kwenye hasi ya betri, na ncha ya pili kwenye chuma cha injini. Akaniambia niwashe. Injini ilizunguka kwa nguvu na kuwaka kabla sijahesabu mbili. Nilipomuuliza amejuaje, alisema, “Niliona ule waya unaunguza, nikajiuliza moto unatoka wapi.”

Umeme utokao betri lazima urudi betri. Injini ya zamani iliunganishwa na chesisi kwa utepe wa shaba uliosukwa. Ilipotolewa, utepe ulitoka nayo. Niliukuta unaning'inia kwenye ile injini nyuma ya banda. Injini mpya ilikaa juu ya mipira, na mpira haupitishi umeme. Basi umeme wote wa stata ulikuwa unatafuta njia ya kurudi kwa kupenya kwenye vyuma vyembamba kama waya wa eksileta, ndiyo maana ukaunguza.

Nilitoa kipima volti changu, nikakigusisha kwenye hasi ya betri na kwenye injini huku mvulana akiwasha bila ule waya wake. Kilisoma volti 5, mahali ambapo hapastahili kufika hata nusu volti. Ampea 200 zikipita kwenye ukinzani wa omu 0.025 tu, volti 5 zinapotea njiani. Ni kanuni ya Georg Simon Ohm, mwalimu wa shule huko Cologne, aliyoichapisha mwaka 1827. Nimeiandika ubaoni mara zisizo na idadi. Kipima volti kilikuwa kabatini mwangu wakati wote nilipokuwa nauza mtamba.

Watasema wenzangu kwamba fundi ndiye aliyesahau utepe. Ni kweli, alisahau. Lakini nani alimfundisha kwamba swali la sayansi hujibiwa kwa karatasi na hufia hapo? Mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea, alilalamika kwamba shule zetu zinawatenga wanafunzi na maisha ya jamii. Sisi tuliopokea waraka ule tulilima bustani ya shule, kisha tukarudi darasani kukaririsha. Jembe tulilipeleka shambani na akili tukaiacha darasani. Ndiyo sababu fundi hubahatisha kwa kubadilisha vipuri: hakuonyeshwa namna ya kuuliza kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kuondoa kisichowezekana kabla ya kufungua mfuko.

Watasema pia kwamba fundi wa mtaani hana vifaa. Kipima volti cha kawaida ni rahisi kuliko stata, na waya wa mvulana yule haukunigharimu hata senti. Kilichokosekana ni mazoea ya kupima kabla ya kununua, na unyenyekevu wa kumsikiliza anayeshika spana.

Nilikwenda kwa yule fundi, nikaomba radhi mbele ya wateja wake. Kanisani nako nilisimama nikasema. Gari sasa lina utepe mpya, uliofungwa kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi hadi kung'aa. Mvulana yule sikuwahi kumfundisha, na hilo ndilo linaloniuma: pengine ndiyo maana alibaki akiuliza.