Dereva wa Tiwi na Haraka ya Kukubali Kosa

Dereva wa Kusini mwa Pwani akishtakiwa kwa kuendesha gari kiholela, ushauri wa kwanza haumfikii kutoka kwa wakili. Hutoka stejini: kubali, lipa faini, rudi kazini. Kwa kijana anayeendesha tuktuk ya mtu, ambaye jioni tajiri anangoja hesabu yake, maneno hayo yana mantiki. Kukana shtaka ni kupanda Kwale leo na kesho, nauli juu yako, siku za kazi zikipotea, kisha uambiwe shahidi hakufika, kesi itatajwa mwezi ujao. Naelewa. Lakini nausimamia msimamo kwamba ushauri huo ni mbaya, na hasara yake haimwishii dereva peke yake.

Tuanze na shtaka lenyewe. Kifungu cha 47 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinamlenga anayeendesha bila kujali, au kwa mwendo ama namna iliyo hatari kwa umma. Anayepatikana na hatia kwa mara ya kwanza anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kufungwa kifungo kisichozidi miaka 2, na leseni yake ikaguswa. Mtu akifariki, kesi huhamia kifungu cha 46, na huko kifungo chaweza kufika miaka 10. Chini yake kuna kifungu cha 49, cha kuendesha bila uangalifu unaostahili. Kati ya 47 na 49 ndipo utetezi mwingi unapoamuliwa, maana kuzubaa kidogo si sawa na kuhatarisha watu, ijapokuwa gari lililobonyea huonekana vilevile katika hali zote mbili.

Kifungu cha 47 kina maneno ambayo dereva anayekubali haraka hapati kuyasikia yakijadiliwa. Kinaitaka mahakama izingatie hali zote za tukio: barabara ilivyo, inavyotumika, na wingi wa magari na watu waliokuwapo au waliotarajiwa kuwapo. Hebu yasomeni maneno hayo mkiwa Tiwi. Barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga inapita Ng'ombeni, Waa, Kombani na Tiwi kabla ya kufika Ukunda, na kila kituo kina soko, watoto wa shule, bodaboda zinazochomoka kando, na malori yanayoelekea mpakani. Pale Kibundani imeungana nayo barabara ya Dongo Kundu, na magari ambayo zamani yangekuja kwa feri ya Likoni sasa yanaingilia hapo. Mwendo wa kilomita 80 kwa saa katikati ya mashamba ya minazi ni jambo moja. Mwendo huohuo mbele ya soko la Tiwi saa ya watoto kutoka shule ni jambo jingine, na sheria yenyewe imeweka kikomo cha kilomita 50 ndani ya vituo vya biashara. Kwa hiyo "hali zote" zaweza kumwokoa dereva, na zaweza pia kummaliza. Mawakili wengine hulisahau hilo, wakaleta habari ya barabara mbovu kana kwamba ubovu unaoonekana na kila mtu si sababu ya kupunguza mwendo.

Mahakama zetu zilirithi kutoka Uingereza kanuni ambayo naiona ya haki. Mwaka 1971, katika kesi ya Gosney, mwanamke alishtakiwa kwa kuingia upande usio wake kwenye barabara ya njia mbili na kuendesha akikabiliana na magari. Jaribio lake la kueleza kwamba makutano na alama zake ndivyo vilivyompotosha lilikataliwa na jaji aliyesikiliza kesi. Mahakama ya Rufaa ikaifuta hukumu: haitoshi kwamba hali ilikuwa ya hatari, lazima kuwe na kosa fulani la dereva lililoizaa hali hiyo. Majaji wa Kenya wameifuata kanuni hiyo, ikiwemo katika kesi ya Atito ya mwaka 1975. Mtu aliyepotoshwa na mchepuko usio na kibao ana la kusema, na lazima asikilizwe.

Gari nalo lina ushahidi wake. Breki zikifa ghafla bila dereva kujua wala kuwa na sababu ya kujua, huo ni utetezi. Spurge, dereva mwingine wa Uingereza, aliujaribu mwaka 1961 akashindwa, kwa kuwa alijua breki za gari lake zina kasoro na bado akaliendesha. Kwa wenye bodaboda na tuktuk za kukodi kesi hiyo ina uchungu. Kijana akimwambia tajiri asubuhi kwamba breki hazishiki, akajibiwa apige kazi kwanza, jioni akigonga mtu ni yeye anayesimama kizimbani, na ile taarifa yake ya asubuhi inageuka ushahidi wa kwamba alijua.

Zipo kinga nyingine ambazo watu huziita ujanja wa mawakili. Kifungu cha 50 kinasema mtu hatatiwa hatiani kwa kuendesha ovyo, bila uangalifu au kwa kuzidisha mwendo ikiwa hakuonywa papo hapo kwamba huenda akashtakiwa, na ndani ya siku 14 hakupata samansi wala notisi. Kifungu cha 43 nacho kinakataza hukumu ya kuzidisha mwendo inayosimama juu ya maoni ya shahidi mmoja aliyekisia kwa macho. Sioni ujanja hapo. Kumbukumbu ya ajali huchakaa upesi, na anayejua mapema kwamba atashtakiwa hupata nafasi ya kutafuta mashahidi na kupiga picha alama za matairi kabla mvua haijazifuta.

Kinga zote hizo huzimwa na neno moja, "kweli". Mwaka 1973, katika kesi ya Adan, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu ambao hadi leo kila hakimu wa Kenya anapaswa kuufuata: shtaka lisomwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, jibu lake liandikwe kwa maneno yake kadiri inavyowezekana, kiongozi wa mashtaka aeleze mambo yalivyotokea, kisha mshtakiwa aulizwe kama anayakubali. Tuseme dereva anajibu, "Ni kweli nilimgonga, lakini alikurupuka mbele yangu." Huyo hajakubali kosa, amekubali tukio. Hakimu anatakiwa kuandika kwamba amekana. Tatizo ni yule aliyefundishwa stejini asiongeze neno asije akamuudhi mheshimiwa. Akinyamaza pale penye "lakini", maji yamemwagika: kifungu cha 348 cha sheria ya utaratibu wa kesi za jinai kinamzuia aliyekubali kosa kukata rufaa, isipokuwa kuhusu ukubwa au uhalali wa adhabu.

Wala mambo hayaishi kwa risiti ya faini. Kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinaifanya hukumu ya jinai isiyo na rufaa kuwa uthibitisho kamili wa hatia katika kesi nyingine. Majeruhi akidai fidia, faili ya Kwale inakwenda kumngoja dereva na mwenye gari mbele ya mahakama ya madai. Kesi ya Robinson na Oluoch ya mwaka 1971 iliacha upenyo: kuhukumiwa kwa kutokuwa mwangalifu hakumaanishi kwamba lawama yote ni yako, na mwingine aliyechangia anaweza kubeba sehemu yake. Ila kuupita upenyo huo baada ya kukubali kila kitu ni kazi, na ada ya wakili wa kesi hiyo huipita mbali faini iliyokuwa ikikimbiwa. Hapohapo niseme jambo dogo linalowagharimu wengi: dhamana ya pesa taslimu si faini. Aliyehudhuria kesi hadi mwisho ana haki ya kurudishiwa pesa zake, na anayetokomea akidhani ameshalipa huishia kutafutwa kwa hati ya kukamatwa.

Wapo watakaoniuliza nasimama upande gani. Mwaka 2024 Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani, NTSA, ilihesabu vifo 4,748 nchini. Mama aliyefiwa na mwanawe akivuka barabara hapa Tiwi hataki kusikia habari za siku 14. Ana haki ya kukasirika, na Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya mwaka 2014 inampa nafasi ya kusikilizwa. Na ni kweli utetezi hutumika vibaya: kesi huahirishwa makusudi hadi mashahidi wachoke, na mwenye mali hukaa na familia ya marehemu pembeni wakamaliza kwa bahasha. Huo ni uozo, na siutetei. Dereva aliyekosa kweli akakubali, mahakama huuzingatia ukweli wake inapopanga adhabu, na ndivyo inavyopasa.

Lakini mama huyo anapata nini katika kesi ya dakika tano? Faini inakwenda serikalini. Hakuna aliyeuliza kama gari lilikaguliwa, nani aliliruhusu litoke, kwa nini kivuko hakina alama, au dereva alikuwa kwenye usukani tangu saa ngapi. Kesi inayosikilizwa huwalazimisha mkaguzi wa magari, askari aliyechora ramani ya ajali na mashahidi kuja kuhojiwa mbele ya watu. Sioni ukumbi mwingine huku Kwale ambapo maswali hayo huulizwa kwa kiapo.

Ibara ya 50 ya Katiba inampa kila mshtakiwa haki ya kuonyeshwa mapema ushahidi utakaotumika dhidi yake, na muda wa kutosha kujiandaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 ipo kwa ajili ya asiyemudu wakili, ingawa msaada hauwezi kumfikia aliyekwisha kusema "kweli" kabla ya saa nne asubuhi. Mahakama zetu zina kamati za watumiaji wa mahakama, ambamo polisi, waendesha mashtaka, mawakili na wananchi hukaa meza moja. Viongozi wa steji za Tiwi, Kombani na Ukunda waiendee ya Kwale na ombi moja: katika kila shtaka la kifungu cha 46 au 47, dereva asitakiwe kujibu lolote kabla hajakabidhiwa nakala ya ramani ya ajali, ripoti ya ukaguzi wa gari na maelezo ya mashahidi.