Embe Zaoza, Twanunua Jemu

Ndugu zangu wa Kilelengwani, Ozi na Kau, hapa kwetu Delta ya Tana! Nimenyamaza siku nyingi, leo nasema. Mtoto wa kwetu siku hizi asipopewa mkate mweupe uliopakwa majarini na jemu, huona hajanywa chai. Na mamake huona haya kuinjika muhogo, mgeni asije akamkuta nao!

Hebu tuitazame hiyo jemu. Nyekundu, yanata, imeandikwa stroberi. Nani kati yetu amewahi kuliona tunda hilo shambani? Na ifikapo Desemba, embe zaanguka juu ya mabati usiku kucha, asubuhi twazifagia pamoja na majani, nzi wametutangulia. Igeuze chupa usome maandishi madogo: sukari, mara nyingi nusu ya chupa au zaidi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mkate siudhulumu. Unatia nguvu, na sheria ya Kenya inataka unga wa ngano wa viwandani utiwe madini ya chuma, zinki na vitamini. Siagi ya kweli nayo ina vitamini A. Lakini siagi ya kweli iko wapi? Sisi twapaka mafuta ya mimea yaliyotiwa rangi ya manjano, tukayaita siagi. Unga umeondolewa kumvi, juu yake sukari, pembeni chai ya vijiko vinne. Mtoto hufika shule amechangamka. Saa nne asinzia juu ya daftari, mwalimu amwita mvivu. Njaa, mwana malegeza!

Wala ninyi si wajinga. Nani awezaye kuyasoma maji ya mto Tana kama ninyi, yapandapo na yashukapo, mpunga uende wapi na mahindi yakae wapi? Mpokomo ana mchele, ndizi na viazi vitamu. Jirani yake Mworma ana maziwa na samli. Wazee walibadilishana nafaka kwa kibuyu cha maziwa, kila mmoja akashiba kwa mkono wa mwenziwe. Baada ya msiba wa Septemba 2012, Wapokomo na Waorma walipouana, Mola awarehemu tuliowazika, siku nilipomwona tena mama wa Kiorma akipita mlangoni na maziwa yake, nilishukuru kuliko nilivyoshukuru hotuba zote za wakubwa. Leo Mpokomo na Mworma wamesimama dukani pamoja, wakingoja gari la mkate wa ngano isiyoota hapa. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Kiazi kitamu cha moto kilichopasuliwa, kijiko cha samli kikiyeyuka ndani, bilauri ya maziwa yaliyochemshwa, kipande cha embe. Mtoto wa tajiri gani wa Nairobi amekula hivyo leo? Na anayetaka mkate, mchele si tunao? Vibibi na mkate wa sinia vilimkosea nani?

Na karatasi za mkate wa dukani je! Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, tukapiga makofi, lakini karatasi za mkate zingali zapeperuka hadi mtoni. Asubuhi ya leo mbuzi wa jirani yangu alikuwa akiitafuna moja, jemu ingali imeganda pembeni. Jirani mwenyewe ndiye yule aniambiaye kila siku kwamba maziwa ni ghali.