Diski Mpya, Kompyuta Haiamki

Siku hizi kompyuta zilizotumika zimeingia hata vijijini kwetu: moja ya shule, moja ya duka, moja ya kijana aliyerudi toka mjini. Nyingi zaenda pole kama kobe, na mafundi hushauri itolewe diski ya zamani, yenye sahani zinazozunguka, itiwe SSD, ambayo ndani yake hakuna kinachozunguka. Shauri hili ni jema. Lakini mara nyingi siku ile ile kioo hubaki cheusi, na maandishi meupe ya Kiingereza yasema kwamba hakuna chombo cha kuanzia. Hapo ndipo watu hupoteza mali yao. Mmoja huiuza mashine kwa bei ya chuma chakavu. Mwingine akubali kila kitu kifutwe, pamoja na hesabu za duka na picha za marehemu mama.

Basi, polepole. Maneno yale si tangazo la kifo. Mashine inayoweza kuandika kiooni i hai. Imeitafuta Windows ikaikosa, basi. Diski mpya itokayo dukani ni tupu kama daftari jipya. Mashine itasoma nini humo? Ni lazima Windows iwekwe upya kwa flashi, au diski ya zamani inakiliwe yote.

Nasema yote. Kando ya lile fungu kubwa liitwalo C, mna fungu dogo lililofichwa, mara nyingi la megabaiti 100 tu, lenye maagizo ya kuwashia. Fundi mwenye haraka hunakili C akaliacha dogo. Vitu vyako vyote vimo ndani, ila ufunguo umebaki nje. Kosa hili lina ndugu yake, tena mjanja zaidi. Windows yawekwa katika diski mpya huku ya zamani ingali imefungwa ndani, nayo yatumia fungu dogo la ile ya zamani. Mambo huenda vizuri wiki nzima. Siku ya kuitoa diski ya zamani mashine yagoma, na wote husema ile mpya ni mbovu. Hata kidogo! Irudishe ya zamani. Mashine ikiwaka, umekwisha jua kosa liko wapi. Kwa sababu hiyo, Windows inapowekwa, diski ya zamani na ikae mezani.

Kabla ya hayo yote, zima, chomoa umeme, utazame kebo. Katika kompyuta ya mezani ziko mbili, ya umeme na ya habari, na hii ya pili hulegea kwa kuguswa tu. Kama diski yako ni ile nyembamba mfano wa kipande cha ubani, ujue ziko za aina mbili, SATA na NVMe, na si kila tundu hupokea zote.

Kisha washa, ubonyeze F2 au Del papo hapo (HP nyingi hutaka F10), uingie Bayosi. Jina la diski mpya laonekana? Kama halionekani, shida ni kebo, tundu au diski yenyewe, wala kuweka Windows mara kumi hakutasaidia. Likionekana, lipange liwe la kwanza. Tena ziko njia mbili za kuwasha, ya kale na ya UEFI. Diski iliyotayarishwa kwa moja kwa kawaida haiwaki kwa nyingine. Penye neno AHCI usiguse kwa kubahatisha, maana waweza kutoka kioo cheusi ukaingia cha buluu. Na kama kila asubuhi saa na tarehe zimerudi nyuma, huenda betri ndogo ya duara, CR2032, imekwisha.

Ikiwa mashine imefungwa kwa BitLocker, zitafute zile tarakimu 48 kabla hujashika bisibisi. Sisi makarani twaandika ubatizo katika mashine, lakini kitabu cha karatasi hakitoki kabatini. Mwenye duka naye asilitupe daftari lake.

Diski ya zamani usimwachie fundi, wala usiifute upesi. Kwanza fungua picha, barua na hesabu zako katika mpya, moja moja. Kisha ifunge ya zamani katika karatasi, uandike tarehe, uiweke mahali pakavu miezi michache.