Nia ya Kuacha Sigara Isiachwe Peke Yake



Ndugu Waislamu, hadithi mashuhuri ya nia, ambayo Imam Bukhari ameifungulia Sahihi yake, kila mtoto wa madrasa anaijua. Hata hivyo, wapo wazazi wetu wengi wanaonuia kuacha sigara kila mwaka na wasiache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa asilimia 8.7 ya watu wazima nchini walitumia tumbaku, na kwa wanaume ni asilimia 14.6. Yatupasa tujiulize: nia hii huzaliwa na nini, na huuawa na nini?

Huzaliwa na maradhi, na neno la tabibu, na fedha inayoteketea, na zaidi kwa mtu mwenye watoto, huzaliwa na haya ya kuonekana nao akivuta. Hapa Bugarama, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, ipo sababu nyingine. Vumbi la mawe ya dhahabu, kwenye maduara na makarasha, lina chembe za silika zinazoharibu mapafu na kumsogeza mchimbaji karibu na kifua kikuu. Mwenye kuongeza moshi juu ya vumbi hilo anajiongezea madhara juu ya madhara.

Na huuawa na nini? Kwanza, na dhana ya mvutaji kwamba hawezi. Lakini mvutaji huyo huyo, Ramadhani ikiingia, hujizuia tangu alfajiri hadi magharibi. Madaktari wanasema kuwa baada ya saa 12 hivi bila sigara, hewa ya sumu ya kaboni monoksidi hushuka katika damu hadi kiwango cha kawaida. Basi adhana ya Magharibi humkuta mwili wake umekwisha kuanza kutengenea. Naye, baada ya tende na uji, huurudishia moshi.

Pili, huuawa na upweke. Wataalamu wamebaini kuwa nia humfanya mtu aanze, bali nguvu ya nikotini mwilini ndiyo huamua kama atadumu. Wiki ya kwanza ndiyo nzito kuliko zote: hukosa usingizi, huwa mkali, na marafiki humnyooshea sigara kijiweni. Hapo kumsomea hukumu peke yake hakutoshi, kwani hukumu ameshaisikia.

Kwa hiyo tunausia haya. Mwenye kunuia aitaje siku, asiseme "nitaacha Mungu akipenda" kisha akanyamaza. Awaambie jamaa zake, na aende zahanati kutafuta ushauri. Mke na watoto wamvumilie ukali wa siku hizo. Wenzake wa kazini wasimvutie mbele yake. Akianguka, asichekwe, bali ainuliwe aanze tena. Na mtoto asitumwe dukani kununua sigara ya baba: Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumwuzia aliye chini ya miaka 18, na mtoto aliyezoea kuibeba leo hataiogopa kesho.

Nia ni ya mtu mmoja, lakini kuilinda ni amana ya nyumba nzima. Mwenyezi Mungu awape wepesi wote walionuia. Amin.