Marburg ilitangazwa kwisha Biharamulo. Virusi vyake vilikwenda wapi?

Tarehe 13 Machi 2025 Serikali ilitangaza kuwa mlipuko wa ugonjwa wa Marburg katika wilaya ya Biharamulo umekwisha. Hesabu ilifungwa kwa wagonjwa 10. Wawili walithibitishwa na maabara, na wanane waliingizwa kwenye orodha kwa sababu dalili na mahusiano yao yalionyesha kuwa huenda ndio ugonjwa wenyewe. Wote 10 walifariki dunia.

Tangu hapo swali moja linaendelea kutufikia kutoka kwa wasikilizaji wa Biharamulo, na hata wa Ngara ambako ugonjwa haukutangazwa: kama umekwisha, ulikwenda wapi? Ni swali zuri. Kulijibu inabidi tuwasikilize wataalamu wa aina tatu: wanaochunguza wanyama, wanaotibu watu na wanaochunguza ubongo. Ukiyaweka pamoja waliyoyagundua, utaona kwa nini siku chache za mwanzo zina uzito kuliko dawa yoyote tuliyo nayo kwa sasa.

Yaliyotokea, kwa tarehe

Mgonjwa wa kwanza anayejulikana, mwanamke mtu mzima, alianza kuugua tarehe 9 Desemba 2024. Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa taarifa ya wahisiwa mkoani Kagera. Siku iliyofuata Wizara ya Afya ilisema sampuli zilizopimwa hazikuwa na Marburg. Tarehe 20 Januari Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na mkurugenzi mkuu wa WHO, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitangaza kuwa sampuli moja imethibitika. Ilipimwa katika maabara ya Kabaile hapa Kagera, kisha ikahakikishwa Dar es Salaam.

Hesabu siku, msikilizaji. Kuanzia 9 Desemba hadi 20 Januari ni wiki sita kamili. Katika muda huo wanane kati ya wale 10 walikuwa tayari wameshafariki. Na hii haikuwa mara ya kwanza kwa mkoa wetu. Machi 2023 Marburg ilitangazwa Bukoba Vijijini, ikaugua watu tisa na kuua sita, hadi ilipotangazwa kwisha tarehe 2 Juni mwaka huo.

Neno "umekwisha" lina maana gani?

Mtu aliyeambukizwa Marburg huanza kuonyesha dalili kati ya siku 2 na 21. Kwa hiyo wataalamu huhesabu siku 42, yaani 21 mara mbili, tangu mgonjwa wa mwisho aliyethibitishwa afariki au apone. Zikipita bila mgonjwa mpya, mlipuko unatangazwa kwisha.

Maana yake ni kwamba mnyororo wa mtu kumwambukiza mtu umekatika, basi. Tangazo hilo halisemi kuwa virusi vimeondoka duniani wala Kagera, kwa sababu makao yao ya kudumu si binadamu.

Popo: kuwafukuza kulileta nini Uganda

Makao hayo ni popo wa aina moja, wanaokula matunda na kulala mapangoni au ndani ya machimbo. Si kila popo unayemwona. Wale wanaoning'inia kwa maelfu juu ya miti mchana ni aina nyingine. Huyu wa pangoni hubeba virusi bila kuonekana mgonjwa, na hivyo hutoka kwenye mate, mkojo na kinyesi chake.

Mwaka 2007 wachimbaji waliugua Marburg katika mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda. Mgodi ule ulikuwa na popo zaidi ya 100,000. Watafiti walipima na kukuta kuwa takribani popo 5 kwa kila 100 walikuwa na virusi. Watu wa pale wakaona dawa ni moja tu: wakaziba milango na kuwaangamiza popo.

Mwaka 2012 Marburg ililipuka tena, safari hii katika mji wa Ibanda, kilomita kama 20 kutoka mgodini. Watafiti wakarudi Kitaka. Popo walikuwa wamerejea, wachache sana kuliko zamani, lakini sasa waliokuwa na virusi walikuwa zaidi ya 13 kwa kila 100. Kiwango kilikuwa kimepanda zaidi ya mara mbili. Maelezo ya watafiti ni kwamba ukiwaondoa popo wakubwa waliokwisha kupata kinga, nafasi yao inachukuliwa na wageni ambao hawajawahi kuambukizwa, na virusi vinapata kuni mpya.

Kwa hiyo anayekuambia tuchome mapango moto hakusaidii, hata kama nia yake ni njema.

Utafiti wa pili unahusu msimu. Popo hawa huzaa mara mbili kwa mwaka, na watoto wao hupata maambukizi zaidi wanapofikia kama miezi sita. Katika popo wa Uganda, vipindi hivyo huangukia katikati ya Juni hadi katikati ya Septemba, na katikati ya Desemba hadi katikati ya Machi. Watafiti walipolinganisha na matukio 65 yanayojulikana ya virusi kutoka kwa mnyama kwenda kwa binadamu, 54 yalikuwa ndani ya vipindi hivyo. Kalenda hiyo haithibitishi jinsi mtu fulani alivyoambukizwa, lakini inatuambia ni miezi gani ya kuongeza macho. Mgonjwa wa kwanza wa Biharamulo aliugua siku chache tu kabla ya kipindi cha Desemba kuanza.

Utafiti wa tatu unahusu matunda. Popo akila embe au papai, hunyonya maji yake na kutema makapi. Majaribio ya maabara yameonyesha kuwa virusi vya Marburg vinaweza kuendelea kuwa hai juu ya tunda hadi saa sita. Na popo wa Uganda waliofungwa vifaa vidogo vya kufuatilia mwendo walionekana usiku wakienda kula kwenye miti ya matunda ya wakulima. Tunda lililong'atwa na popo usiku, usimpe mtoto asubuhi kwa sababu tu upande mmoja ni mzima.

Mwili: kwa nini Rwanda walipona wengi

Ng'ambo ya daraja la Rusumo, Rwanda ilitangaza Marburg tarehe 27 Septemba 2024. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mchimba madini aliyefanya kazi kwenye pango lenye popo. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 20 Desemba 2024, waliougua walikuwa 66 na waliofariki 15, yaani chini ya mmoja kwa kila wanne. Linganisha na Uíge, Angola, mwaka 2004 na 2005: wagonjwa 252, waliofariki 227, yaani tisa kwa kila kumi.

Je, Rwanda walikuwa na dawa ya siri? Hapana. Walitumia dawa mbili za majaribio, na zaidi ya watu 1,700, hasa wahudumu wa afya, walipewa chanjo ya majaribio. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa imeidhinishwa kwa Marburg. Wagonjwa wao wengi walikuwa wahudumu wa afya wenyewe, na mara ugonjwa ulipotambuliwa walifuatiliwa na kufikishwa mapema kwenye vitanda vyenye maji ya mishipa, oksijeni na uangalizi wa saa 24. Wagonjwa wawili waliofikia kuwekewa mirija ya kupumulia waliondolewa mirija wakiwa hai. Tedros alisema hilo lilikuwa halijawahi kutokea Afrika kwa mgonjwa wa Marburg.

Marburg huua hasa kwa kukausha maji mwilini kwa kuhara na kutapika, kuvuruga damu na kuangusha viungo kimoja baada ya kingine. Wanaokufa, wengi hufa kati ya siku ya nane na ya tisa tangu homa ianze. Maji na damu vikiwahi kurudishwa, mwili hupata muda wa kujenga kinga yake. Ndiyo maana tunaziona zile wiki sita za Biharamulo kuwa sehemu nzito kuliko zote katika habari hii. Mgonjwa ambaye ugonjwa wake haujulikani hawezi kupewa uangalizi huo, na anayemuuguza hawezi kujikinga.

Ubongo: dalili inayopotosha, na maficho

Marburg huanza kama malaria: homa kali ya ghafla, kichwa kuuma sana, mwili kuuma. Baadaye kuhara na kutapika, na kwa wengine kutoka damu. Lakini kuna dalili isiyosemwa sana. Ugonjwa ukifika kwenye ubongo, mgonjwa anaweza kuchanganyikiwa, kukasirika ovyo, hata kuwa mkali kwa wanaomuuguza. Kijijini tunajua kinachofuata. Wapo watakaosema malaria imepanda kichwani, wapo watakaosema karogwa. Siku mbili zinapotea kwa mganga, na watu wanne wanamshika mgonjwa kwa mikono mitupu.

Jambo la pili ni maficho. Mwili una sehemu ambazo askari wa kinga hawaingii kwa nguvu zote, ili wasiziharibu: ndani ya jicho, kwenye korodani na kwenye ubongo. Mwaka 1967, Marburg ilipojulikana kwa mara ya kwanza huko Ujerumani na Yugoslavia kupitia tumbili walioletwa kutoka Uganda, mwanamume aliyepona alimwambukiza mkewe baadaye kwa njia ya kujamiiana. Mwaka 1975 huko Afrika Kusini, virusi vilipatikana ndani ya jicho la mgonjwa aliyekwisha kupona.

Kuhusu ubongo, ushahidi ulio wazi zaidi unatoka kwa Ebola, ndugu wa Marburg. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walieleza kuwa katika nyani waliotibiwa Ebola wakapona, kama mmoja kwa kila watano bado alikuwa na virusi kwenye vyumba vya maji vilivyo ndani ya ubongo. Wawili waliugua tena wakafa. Kwa binadamu, muuguzi wa Scotland aliyepona Ebola mwanzoni mwa 2015 alirudi hospitali Oktoba mwaka huohuo akiwa na virusi kwenye maji ya uti wa mgongo. Akatibiwa, akapona tena.

Tunaomba hapa msikilizaji asituelewe vibaya. Matukio haya ni nadra. Aliyepona haambukizi kwa kusalimiana, kula naye au kukaa naye kanisani au msikitini. Tafiti hizi hazitupi sababu ya kumtenga jirani. Zinatuambia kuwa kazi ya hospitali haiishi siku mgonjwa anaporuhusiwa. Wanaume waliopona wanashauriwa kutumia kondomu kwa miezi 12, au hadi vipimo viwili vya mbegu zao vionyeshe hakuna virusi. Na yeyote aliyepona akiumwa tena kichwa kikali, macho au homa, arudi hospitali na aseme wazi kuwa aliwahi kuugua. Ukimtenga, atanyamaza, na akinyamaza hatapimwa.

Kwetu hapa inamaanisha nini

Biharamulo ina wachimbaji wadogo wanaoshuka kwenye maduara, yakiwamo yaliyoachwa muda mrefu. Ngara imepakana na Rwanda na Burundi, na magari ya Rusumo na Kabanga hayalali. Hakuna uzio utakaozuia popo au msafiri. Kinachoweza kubadilika ni muda kati ya mgonjwa wa kwanza na taarifa ya kwanza, usirudi tena kuwa wiki sita.

Taarifa hiyo huanzia nyumbani. Watu wawili wa familia moja, au waliohudhuria msiba mmoja, wakiugua homa kali kwa kufuatana, hiyo peke yake inatosha kumwambia mwenyekiti wa kitongoji, mhudumu wa afya ngazi ya jamii au zahanati. Usisubiri kuona damu, kwa sababu damu huchelewa na kwa wengine haitoki kabisa. Namba 199 ya Wizara ya Afya ni ya bure.

Mgonjwa wa namna hiyo auguzwe na mtu mmoja, si ukoo mzima, na matapishi wala nguo zake zisishikwe kwa mikono mitupu. Akifariki, asioshwe na ndugu kabla wataalamu hawajafika. Tunajua hilo ni gumu kuliko yote tuliyoyaandika hapa, kwa sababu kumwosha marehemu ni heshima ya mwisho tunayompa. Lakini mwili wa aliyekufa kwa Marburg bado una virusi, na watakaoinama kumwosha ni wale waliompenda zaidi.

Kwa wanaoingia machimboni: duara lenye popo si mahali pa kulala wala kula. Mkiwaona, waacheni, tokeni, toeni taarifa.

Serikali nayo ina deni lake. Mwananchi akipiga simu kuripoti vifo viwili, ajibiwe, sampuli ichukuliwe mapema, na majibu yatolewe hata kama si ya kufurahisha. Watu huripoti pale wanapoona taarifa zao zinafanyiwa kazi.